Yadam na Tumbo la Upinde

Ushirika wa wafugaji ulipovunjwa na kila mtu akapewa fungu lake, Yadamsuren aliyekuwa dereva alipewa lori. Lilikuwa lori zuri, lina milango yote miwili na honi inayolia, ila halikuwa na injini. Injini iliangukia fungu la bwana mmoja wa ng'ambo ya mto, ambaye naye hakuwa na lori. Mtu angedhani wawili hao wangekaa wakazungumza. Lakini walikuwa wamekosana zamani kwa ajili ya dume la ngamia, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze kubisha hodi. Basi lori likakaa pale pale nyikani, mbuzi wakajilaza kwenye kivuli chake, na Yadam, maana ndivyo watu walivyolifupisha jina lake, akahamia kwa wakwe, hatua chache kutoka hapo.

Kukaa kwa wakwe si jambo la kujisifia kule. Mwanamume huleta mke kwenye hema lake. Hafuati hema la mke kama ndama. Hema la sufu la Yadam lilisimama mashariki mwa hema la mzee Sambuu, baba wa mkewe, kama mtoto anavyosimama pembeni mwa mkubwa, na kila asubuhi moshi wa mzee ndio uliotangulia kupanda. Yadam alikuwa mnene, mcheshi, mwenye maoni juu ya kila kitu, na maoni hayo alikuwa amezoea kuyatoa akiwa nyuma ya usukani, mahali ambapo abiria hana pa kukimbilia. Sasa usukani haukuwepo. Alikunywa chai ya chumvi ya watu, akala nyama ya watu, na kwa mara ya kwanza maishani akaanza kunyamaza.

Mzee Sambuu alikuwa fundi wa pinde, wa mwisho katika wilaya nzima. Alikuwa kiziwi wa sikio moja, na hakuna aliyejua kwa yakini ni lipi, kwa sababu alikuwa akilibadilisha kufuatana na alichoulizwa. Binti yake Dulmaa ndiye aliyekuwa mpiga mshale. Kila sikukuu ya kiangazi, wanaume wakikamatana mieleka na farasi wakitimua vumbi, Dulmaa alisimama kwenye mstari wa wanawake na upinde aliotengenezewa na baba yake alipokuwa msichana, na kila mwaka alirudi na cheo fulani. Ila upinde nao huzeeka. Ulikuwa umeanza kulegea, mishale ikaanza kutua kabla ya shabaha kama kuku aliyechoka. Na mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Gundi haisubiri mkono unaotetemeka.

Kwa hiyo mzee akamwita mkwe wake, akamwonyesha kuni, sufuria na vikwangulio, akamfundisha ufundi wote kwa maneno ambayo mtu angeweza kuyaimba kwa pumzi moja. Katikati mti. Tumboni pembe. Mgongoni kano. Halafu ungoje ukauke.

Tumbo la upinde ni ule upande unaomtazama mpigaji. Mgongo ndio unaotazama shabaha. Hilo Yadam alilielewa. Akauliza kwa nini pembe iwe tumboni na kano mgongoni. Mzee akageuza sikio. Akauliza tena kwa sauti ya kuitia ngamia. Mzee akageuza sikio la pili. Ukweli ni kwamba mzee mwenyewe hakujua. Baba yake alimwambia hivyo, naye hakuwa mtoto wa kumhoji baba.

Yadam hakuridhika. Miaka yote ya lori ilikuwa imemfundisha kwamba kinachovunjika njiani daima ni kile kilicho laini: mkanda, mpira, bomba. Chuma kigumu hakijawahi kumlaza porini. Akaichukua pembe ya mbuzi-mwitu wa milimani, akaiweka juu ya jiwe, akaipiga nyundo. Nyundo ikaruka, ikamkosa goti kidogo. Kisha akazitazama kano za ng'ombe, zilizokaushwa, zikapondwa, zikachambuliwa nyuzinyuzi mpaka zikafanana na ndevu za beberu. Akacheka peke yake. Sasa wewe una kitu kinachorudisha nyundo, na una ndevu. Unaweka ndevu upande wa mbele, upande wenyewe wa vita? Akaona wazi kwamba mafundi wa kale walikuwa na uhaba wa pembe, basi, na uhaba wao wakaugeuza kuwa elimu.

Akatengeneza upinde wenye pembe tumboni na pembe mgongoni. Hakumwambia mtu. Gundi ya vibofu vya samaki ilinuka hema zima mpaka mbwa akahamia chini ya lori, na wote wakadhani kazi inaendelea kama kawaida. Alipomaliza akauvika upinde gome jeupe la mti kama ilivyo desturi, na gome hufunika mengi. Ulikauka majira ya baridi yote. Ulipovishwa ugwe, ule uzi wa kuvutia, mzee aliupapasa, akasema ni mgumu. Yadam akaichukua kuwa sifa.

Siku ya sikukuu Dulmaa alivaa kanzu ya buluu na mkanda wa hariri, akasimama kwenye mstari. Yadam alikuwa amejipanga mbele ya watazamaji, tumbo mbele, mikono nyuma, amewaeleza watu wasiopungua kumi kwamba leo wataona kitu. Na kweli waliona. Dulmaa alivuta mshale wa kwanza, upinde ukakataa. Akavuta zaidi, kwa mabega yale aliyozoea kubebea ndama. Upinde ukatoa mlio kama mlango wa lori ukibamizwa, ule mgongo wa pembe ukapasuka vipande, kimoja kikapaa juu kikaenda kuiangusha kofia ya mwamuzi mmoja mzee. Mshale ulidondoka karibu na kiatu cha Dulmaa. Waamuzi wa kule huimba na kuinua mikono mshale ukigonga shabaha. Huyu mzee alikuwa ameshainua mikono kujikinga, na wenzake wa mbali, wakidhani ameona kitu, wakaanza kuimba.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Dulmaa hakucheka. Ilibidi aazime upinde kwa Khorloo, mwanamke aliyeshindana naye tangu utotoni, na Khorloo akamwazima kwa upole, upole ule wa mtu anayejua atakisimulia kisa hiki mpaka siku ya kufa kwake. Dulmaa akapiga vizuri na upinde wa watu, akarudi nyumbani bila kumsemesha mumewe njia nzima.

Walipofika ndipo alipofungua mdomo. Alikuwa amekishika kipande cha upinde, gome limebanduka.

"Hii nini?"

"Pembe."

"Na hii ya upande huu?"

"Pembe pia."

"Baba alikwambia uweke nini?"

"Alisema kano. Lakini mke wangu, ukifikiria vizuri..."

"Basi usifikirie," alisema Dulmaa. "Nakuomba. Wengine wana waume walevi, mimi nina wa kufikiri."

Tangu siku ile watoto wa wilaya walimwita Yadam jina la Pembe Mbili. Mkewe alimwekea chai bila kumtazama. Hakumtukana, hakugomba, alimpa tu kisogo, na kisogo cha Dulmaa kilikuwa kipana.

Mwingine angejifunza. Yadam naye alijifunza, ila alijifunza alichotaka. Alikaa na vile vipande akavitazama. Pembe ya tumboni ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Iliyovunjika ni ile ya mgongoni. Akatafakari majira yote ya kupukutika majani, akafikia uamuzi kwamba kosa ni la pembe. Pembe ni ngumu lakini ina kiburi. Kano basi! Alizijaribu: alifunga uzi mwembamba wa kano kwenye bampa la lori akauvuta kwa uzito wake wote, na uzito wake haukuwa mdogo, uzi haukukatika, yeye ndiye aliyeanguka. Kama kano ina nguvu kiasi hiki, pembe ya nini tena? Akatengeneza upinde wenye kano mgongoni na kano tumboni. Kwa siri tena, chini ya gome tena. Safari hii alikuwa na busara moja tu, kwamba ataujaribu mwenyewe, mahali pasipo na mtu.

Ulipokauka, majira ya kuchipua nyasi, aliuchukua akazunguka nyuma ya kilima. Aliuvisha ugwe kwa urahisi uliomfurahisha. Akavuta, nao ukamfuata kwa utiifu, mpaka karibu na sikio. Akasikia mchakacho mdogo, kama mtu anayekanyaga theluji kavu. Akatazama: lile tumbo la kano lilikuwa limejikunja mikunjo mikunjo kama shingo ya mzee, gome limevimba, na gundi inachuruza unga. Akaachia. Mshale ulitoka bila haraka, ukaenda umbali wa kumfikia mtu wa kuamkiana naye, ukalala. Upinde wenyewe haukurudi. Ulibaki umepinda vile vile, kama bibi aliyeinama kuokota kitu kisha akasahau alikuwa anatafuta nini.

Nyuma yake kitu kikakoroma. Yadam alidhani ni farasi. Farasi alikuwepo kweli, na juu yake alikuwa Dulmaa, ambaye alimfuata kwa sababu alizoea kwamba mumewe akienda mahali akinyamaza, kuna hasara. Alikuwa amejishika mdomo kwa mkono wa kanzu, machozi yanamtoka. Akateremka, akakaa chini nyasini, akacheka mpaka akalala chali. Yadam alisimama na upinde wake uliokata tamaa, na badala ya kuona haya akajikuta anafurahi, kwa sababu alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu kabla ya sikukuu iliyopita. Akatamani aurudie ule mkosi tangu mwanzo.

"Kano mbili?" Dulmaa aliuliza alipoweza.

"Kano mbili."

"Lete nione." Akaupokea, akaipapasa ile mikunjo kwa kidole gumba. Alikuwa amevuta upinde maelfu ya mara, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza unavutaje. "Ukivuta, huu mgongo unanyooshwa. Unataka kuachana. Naisikia hiyo mkononi. Na tumbo linabanwa, linataka kukunjana. Si kitu kimoja kinachotendeka pande mbili, mzee wangu. Ni vitu viwili vinavyochukiana."

"Lakini kano haikatiki. Nimeivuta kwa bampa."

"Umeivuta. Umewahi kumsukuma ng'ombe kwa kamba?"

Yadam akaitazama tena ile mikunjo.

"Okota ule mshale wako," alisema Dulmaa.

Yadam akainama. Alikuwa mnene, nimesema, na kanzu yake ilikuwa ya miaka ya udereva. Alipoinama, tumbo lilijikusanya mikunjo mitatu juu ya mkanda, na huko nyuma mshono ukaachia kwa sauti ndefu kutoka kiunoni mpaka katikati ya mabega. Upepo ukamwingia.

"Hapo hapo ulipo usiinuke," alisema mkewe, na sauti ikaanza kumtetemeka tena. "Mgongo umevutwa, umechanika. Tumbo limebanwa, limejikunja. Wewe ni upinde mbaya, kila kitu kiko mahali pasipofaa. Mgongoni ulihitaji kano, tumboni ulihitaji pembe."

Yadam alikaa vile vile ameinama, damu inamjia kichwani, akaelewa. Baadaye alikuwa akisema kwamba hajawahi kuelewa kitu chochote vizuri kiasi hicho akiwa amesimama wima. Pembe ukiibana haijali. Ndiyo maana nyundo iliruka. Ukiivuta ndipo inapopasuka, kama tofali la majani ya chai yaliyoshindiliwa, ambalo mtu anaweza kulikalia mwaka mzima, lakini akilikunja kwa mikono miwili linavunjika kati. Kano ukiivuta haijali. Ukiibana inakuwa ndevu. Kila moja ina uhodari wake na ina aibu yake, na mafundi wa kale walizipanga ili uhodari utazame kazi na aibu isipate nafasi. Mti ulio katikati hauna sifa yoyote kubwa. Kazi yake ni kuwashika hao wawili wasiachane.

Mwaka ule wa tatu alifanya alivyoambiwa. Aliikwaruza pembe kwa kikwangulio chenye meno mpaka gundi ikapata pa kushika. Alizichovya kano fungu kwa fungu, akazilaza mgongoni kwa urefu kama mtu anayechana nywele za mtoto, akangoja, akazilaza tena. Mzee Sambuu alikaa karibu na jiko akimtazama, na kila Yadam alipotaka kuharakisha mzee aligonga sakafu kwa fimbo. Yadam alijaribu kumweleza sababu aliyoigundua, kuvutwa huku, kubanwa kule. Mzee alisikiliza kwa sikio lililokuwa zima siku hiyo, akafikiri, akasema kwamba inawezekana, lakini gundi inapoa.

Siku ya sikukuu Yadam hakuthubutu kutazama. Alijificha kwenye kibanda cha sambusa za nyama, akala bila kuhesabu, mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Alisikia waamuzi wakiimba. Akasikia wakiimba tena. Mwenye kibanda alimwambia kwamba huyo anayeimbiwa ni mke wa Pembe Mbili, na Yadam, mdomo umejaa, akashindwa kujitambulisha. Dulmaa alikuwa wa pili, nyuma ya Khorloo kwa mshale mmoja, na Khorloo hakupata usingizi mzuri mwaka ule.

Hapo ndipo tabu ya watu wengine ilipoanza. Yadam alipata tena sauti yake ya udereva. Kila aliyeingia hemani kwa chai alielezwa juu ya mgongo na tumbo. Alikuwa hawezi kueleza kwa maneno tu. Ilikuwa lazima mgeni asimame, ainame, ashike tumbo, ashike mgongo. Mwenyekiti wa wilaya alikuja kuhesabu mifugo akainamishwa. Mtawa aliyekuja kusoma dua akaponea chupuchupu, kwa kuwa Dulmaa alimvuta mumewe kanzu. Watu waliuliza bei ya upinde wakiwa wamepanda farasi, injini ya safari haijazimwa, kama madereva wasemavyo, ili wakimbie mapema. Na wakaagiza, maana pinde zilikuwa nzuri.

Wakati huo Narmandakh, binti wa pekee wa Yadam na Dulmaa, alikuwa amerudi kutoka mjini, alikosomea ushonaji, na akaanza kutembelewa na Dashnyam. Dashnyam alikuwa mwanamieleka. Alikuwa ametwaa cheo cha Tembo wa wilaya, ambacho ndicho cheo cha juu kwa mieleka ya hapo, na kilimkaa vizuri: alikuwa mkubwa, mpole, mwenye aibu, na kila alipoingia kwenye hema alikuwa akiangusha kitu. Ilijulikana amekuja kwa nini. Desturi inataka wazee watumwe na kitambaa cha hariri, lakini kabla ya wazee kijana hupita mwenyewe kuona kama mbwa wanambwekea sana.

Siku moja alikuta hema halina mtu ila Narmandakh, aliyekuwa anakoroga maziwa. Akaketi. Akatazama huku na huku akauona upinde wa Dulmaa ukutani, umefunguliwa ugwe, umepumzika. Sasa upinde wa namna hii ukifunguliwa haunyooki. Hujikunja kwenda upande wa pili, mgongo ndani na tumbo nje, mpaka ncha zinakaribiana kama pembe za ng'ombe. Mtu asiyejua akiuona hivyo hudhani umeshapinda tayari, kazi iliyobaki ni kuufunga uzi.

Dashnyam aliona nafasi ya kumfaa mama mkwe wake mtarajiwa. Akauteremsha, akauvisha ugwe vile vile ulivyojikunja. Ugwe ulikuwa mrefu mno, akaupiga fundo. Narmandakh alikuwa amempa mgongo, kelele za maziwa zimemjaa masikioni. Dashnyam akauinua, akaona umekaa kama upinde kabisa, akaamua kuujaribu kidogo. Kidogo cha Tembo ni kingi. Ulipomgomea, akafikiri ni kwa sababu ni upinde mzuri, akaongeza nguvu.

Yadam alikuwa nje. Aliusikia mlio ule akaujua, kama mtu anavyoujua mlio wa sahani yake mwenyewe. Aliingia mbio, akafuatwa na Dulmaa. Dashnyam alikuwa amesimama katikati ya hema, kipande mkono huu na kipande mkono ule, uso umemshuka, kidevu kinacheza. Mtu mzima mwenye shingo kama nguzo alikuwa karibu kulia.

"Mzee Yadam," alisema, "nimeuua."

Yadam akamsogelea. Alivipokea vile vipande akapiga magoti mlangoni penye mwanga. Dulmaa alisogea karibu na binti yake, akingoja mumewe apasuke. Alimwona akigeuza kipande, akikipuliza, akikikwaruza kwa ukucha. Halafu akaona mabega yake yanaanza kutikisika, akadhani analia.

"Dulmaa! Njoo uone. Njoni wote muone!" Uso wake ulikuwa unawaka. "Pembe imekwenda nje, ikavutwa, ikapasuka moja kwa moja, tazama, safi kama kioo. Kano zimekwenda ndani, zikabanwa, zimejikunja, ziko hapa ndevu tupu! Kwenye upinde mmoja! Mimi nilihitaji pinde mbili na miaka miwili kuyajua haya, huyu kijana ameyafanya kwa kuvuta mara moja!"

"Nisamehe, mzee," alisema Dashnyam.

"Nikusamehe nini? Watu wote wale niliowainamisha hawakuniamini. Sasa ushahidi ninao. Inama."

"Niiname?"

"Inama, mwanangu."

Tembo wa wilaya akainama, na Yadam akamzunguka akimwonyesha, huku mgongo, huku tumbo, mkono unapaa hewani. Alituma mtu akawaite majirani. Walikuja, wakaonyeshwa vipande, wakanywa maziwa ya farasi yaliyochacha, na kabla hawajaondoka Yadam alikuwa ameshamwita Dashnyam mkwe wangu mbele ya watu, jambo ambalo halirudishwi kirahisi.

Dulmaa alingoja mpaka hema lilipotulia. "Upinde ulikuwa wangu," alisema. "Nani ananiuliza mimi nitapiga na nini?"

Furaha ya Yadam ikakatika katikati ya neno. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, wala yeye.

Dashnyam alisema, kwa sauti ndogo isiyolingana na kifua chake, kwamba atatafuta pembe milimani, ataponda kano, atakoroga gundi, atafanya chochote. Dulmaa akasema haya, aanze na gundi. Mwaka ule yeye alipiga na upinde wa zamani uliolegea, akatoka wa tano, akalisema jambo hilo kila alipopakua nyama, majira ya baridi yote.

Narmandakh naye hakuwa ameisahau siku ile ya mkosi. Baba yake alikuwa amemwoza mbele ya majirani bila kumtupia jicho. Siku moja, Dashnyam yuko jikoni anakoroga, jasho linamtoka, harufu ya samaki imemwingia mpaka kwenye nywele, Narmandakh alimsogelea akamwambia kwamba baba ana maneno yake, lakini jibu ni la kwake yeye, na jibu atalitoa upinde ukikauka.

"Unakauka lini?" aliuliza Dashnyam.

"Mwakani. Ukiubandika vizuri."

Hakuna upinde uliowahi kuchungwa vile. Dashnyam alikuwa anakuja kutoka bonde la pili kuugusa tu. Aliuhamisha kutoka mahali penye mvuke wa chungu, akauhamisha kutoka karibu na jiko. Mvua ilipotishia alikuja mbio kuuliza kama umelowa. Mara moja alishauri uwekwe kwenye jiko kidogo ili uende haraka, na mzee Sambuu, aliyekuwa hajasema neno tangu chakula cha asubuhi, akamgonga kifundo cha mguu kwa fimbo. Yadam alimwonea huruma kijana, akampa maelezo ya mgongo na tumbo upya ili apoteze muda.

Majira ya kuchipua yakaja, na mzee akaupapasa upinde, akaugonga kwa ukucha, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Waliupasha moto taratibu juu ya jiko. Kuuvisha ugwe upinde mpya ni kazi ya watu wawili au watatu: lazima uupindue kinyume cha ulivyojikunja, na ukikosea mkono basi. Yadam alishika mwisho mmoja, Dashnyam mwisho wa pili, Dulmaa akasimama kando. Narmandakh alikuwa na ugwe mkononi.

Kabla ya kuvuta, Dashnyam aliutazama upinde. Akaugeuza. Akautazama tena, akaupapasa kutafuta pembe ilipo, akaona ilikuwa sawa ile mara ya kwanza, akaurudisha alivyokuwa ameushika. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Yadam alifungua mdomo kumwelekeza, na Dulmaa akamkanyaga mguu.

"Tumbo kwangu," Dashnyam alisema polepole, kama mtoto anayesoma. "Mgongo kule. Hivi?"

"Hivyo," alisema Narmandakh.

Wakavuta. Upinde ulilia kidogo, ukageuka, ukatii. Narmandakh akaingiza ugwe kwenye ncha hii, akazunguka akauingiza kwenye ncha ile, akaupiga kwa kidole, nao ukatoa sauti nene, safi. Akampa mama yake. Kisha akajifuta mikono kwenye kanzu, akamgeukia yule mwanamieleka ambaye alikuwa bado ameinua mikono hewani, anaogopa kuachia kitu ambacho hakuwa amekishika tena.

"Haya, nenda kwenu," alimwambia. "Mwambie mama yako atume wazee. Na uoge kwanza."